Daraja Dogo Huoza Nchani



Buzebazeba ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Katika vitabu vya serikali ni mji. Lakini ukipita asubuhi utakutana na watu wenye majembe begani. Wako wanaolima mihogo na mahindi. Wako wenye michikichi. Wengine hushuka hadi bonde la Mto Luiche, kusini ya Ujiji, kulima mpunga.

Ukiwafuata watu hao utavuka vijito na mifereji mingi. Wakati wa kiangazi unaruka tu. Wakati wa mvua huwezi kuruka. Unapita juu ya magogo mawili au matatu yaliyopigiliwa mbao. Hilo ndilo daraja la mkulima. Halimo katika ramani yo yote, lakini mazao yote ya shamba hupita juu yake.

Mkungu mmoja wa chikichi unaweza kufika kilo 20 au zaidi. Tena chikichi zilizovunwa hazingoji. Zikikaa siku nyingi, mafuta yake huwa makali na bei hushuka. Tangu mwaka 2018 Serikali imelihimiza sana zao hili mkoani Kigoma. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga huzalisha mbegu bora ya aina ya Tenera. Mbegu bora italeta mikungu mingi zaidi. Je, daraja lako litaibeba?

Katika kazi yangu ya ubwana shamba nilimwona mama mmoja akirudi kutoka kukamua mawese. Alikuwa na debe kichwani. Alipofika karibu na ukingo, gogo likakatika. Yeye alichubuka mguu tu, lakini debe zima la lita 20 lilikwenda na maji. Fedha ya mawese hayo ilikuwa ya sare za shule za watoto wake. Wenye mashamba ya pande mbili walipoitwa, kila mmoja alisema daraja ni la mwenzake.

Tulilitoa gogo lile tukalitazama. Katikati lilikuwa gumu kama chuma. Ncha yake iliyofukiwa udongoni ndiyo iliyooza na kuliwa na mchwa.

Hilo ndilo somo letu. Sisi hutazama katikati ya daraja, mahali tunapokanyaga. Lakini daraja dogo huoza nchani, mahali gogo linapogusa udongo. Hapo pana unyevu, jua halifiki, na mchwa wana njia.

Kigoma mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba. Basi fanya kazi hii mwezi Agosti au Septemba, wakati kijito ni kidogo.

Kwanza, kagua. Fukua udongo kwenye ncha za magogo. Choma kwa kisu. Kisu kikiingia kwa urahisi, gogo limeoza. Usipigilie ubao mpya juu ya gogo bovu. Litoe.

Pili, chagua mti. Mti mgumu uliokomaa, kama mninga, hukaa miaka mingi. Mkaratusi mchanga huoza upesi. Menya magome yote, maana chini yake wadudu hujificha. Kama mti ni wa msituni, omba kibali kwanza.

Tatu, weka mawe. Usilaze gogo juu ya udongo. Panga mawe mapana kila ukingo, gogo lilale juu ya mawe na hewa ipite. Gogo lipite ukingo kwa hatua moja kila upande.

Nne, pigilia mbao. Acha nafasi ya kidole kimoja kati ya ubao na ubao ili maji yashuke. Ubao wa inchi 2 unataka msumari wa inchi 5. Toboa tundu jembamba kwanza, ubao usipasuke. Weka mti wa kushikia upande mmoja, kwa ajili ya wazee, watoto na wabeba mizigo.

Wengine hupaka oili chafu ya gari kufukuza mchwa. Usifanye hivyo. Mvua huiosha, na vijito vyetu huishia ziwani. Humo tunachota maji, na humo wamo dagaa na migebuka wetu.

Tano, pima kimo. Tazama takataka zilizonasa vichakani wakati wa mafuriko. Zinaonyesha maji yalifika wapi. Daraja liwe juu ya alama hiyo. Miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana. Ziwa likijaa, vijito vya karibu na ufuko hukosa njia, maji yakarudi nyuma. Kwa hiyo kimo kilichomtosha babu huenda hakikutoshi wewe. Funga pia ncha moja ya kila gogo kwa waya kwenye mti wa ukingoni. Mafuriko yakilinyanyua, halitakwenda mbali.

Sita, linda ukingo. Usilime mpaka kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka kingo za mto na ziwa. Acha matete na majani yaote. Mizizi yake hushika udongo unaobeba daraja.

Sasa, nani atengeneze? Kaa na jirani yako wa ng'ambo mpatane kabla ya mvua. Mmoja alete magogo, mwingine mbao na misumari, vijana wabebe mawe. Daraja lisilo na mwenyewe linangoja mtu wa kuanguka, na huenda akawa mtoto wako.

Kesho ukienda shambani, chukua kisu na jembe. Fukua ncha za daraja lako, uone.