Miembe ya Tabora na Miti ya Njiani

Msafiri ashukaye garimoshi katika stesheni ya Tabora mwezi wa Oktoba hulakiwa na mambo mawili: jua kali na kivuli. Jua ni la nyanda zote za Unyamwezi, ambazo tangu Mei hadi Oktoba hazipati mvua ya kutegemewa. Kivuli ni cha miembe. Imesimama kando ya barabara, katika viwanja vya shule na vya ofisi, nyuma ya nyumba za udongo na karibu na misikiti na makanisa; nayo ni mikubwa na ya kijani kibichi wakati nyasi zote zimekwisha kukauka. Sisi tumekuwa watunza bustani katika mji huu kwa miaka mingi. Tumefagia majani ya miembe hiyo, tumeokota maembe yake na, kama tutakavyoeleza, tumepata kuikata pia. Kwa sababu hiyo tumeona si vibaya tuwasimulie walimu na wanafunzi yale tuliyojifunza kwayo.

Aghalabu mtu akitajiwa utamaduni wa taifa hufikiria ngoma, hadithi, vinyago na mavazi. Ni nadra kufikiria mti. Hata hivyo, mti uliopandwa ni kazi ya mkono wa mtu kama kilivyo kinyago. Tofauti ni kwamba mchongaji huiona kazi yake ikikamilika, ilhali mpandaji wa mwembe mara nyingi hufa kabla kivuli chake hakijatanda. Ndiyo maana miti mikubwa ya miji yetu haina majina ya waliyoipanda.

Tuanze na jina lenyewe la mji. Wenyeji wengi husimulia kwamba Tabora limetokana na matoborwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vikawa vikavu. Chakula hicho hakiozi upesi, ni chepesi kubeba, nacho kiliwafaa sana watu wa safari. Basi kiazi kitamu asili yake si Unyamwezi. Ni mmea wa Amerika uliovuka bahari. Iwapo masimulizi hayo ni ya kweli, mji huu una jina la Kinyamwezi lililotokana na mmea mgeni. Tunalitaja jambo hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba kilicho chetu ni kile tu kilichoota hapa tangu mwanzo.

Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wasafiri wengine waliiita Kaze, ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikapita Ugogo, ikavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, ikaingia Unyamwezi kwa Tura na kufika Unyanyembe. Kutoka hapo ilielekea Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na tawi jingine likaenda kaskazini. Safari yote ya kutoka pwani hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200. Waingereza Burton na Speke waliingia Kaze mwezi wa Novemba 1857, baada ya siku 134 za safari. Misafara iliyokwenda mbio zaidi ilihitaji miezi mitatu hivi.

Sisi tumepata kuifuata njia hiyo kwa garimoshi, kwa basi na mara nyingine kwa miguu, si kwa biashara bali kwa kutazama miti. Bagamoyo tulikuta minazi na miembe. Ugogo tulikuta mibuyu, ambayo baadhi yake ilikuwa imekwisha kuwa mikubwa misafara ilipopita chini yake. Magharibi kabisa, tulipokaribia Ujiji, tulikuta michikichi yenye mafuta, mti wa Afrika ya magharibi na ya kati ambao hapo ni kama upo kwao. Lakini mti uliotufuata katika safari nzima ulikuwa mwembe. Na hata Ujiji, pale mnara ulipojengwa kukumbuka kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871, mgeni huonyeshwa miembe ambayo husemekana ni uzao wa mwembe ule waliokutania chini yake.

Wazee husema kwamba miembe ya njiani iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi walipokuwa wakila maembe. Kwa muda mrefu tuliyakubali masimulizi hayo bila kuyapima. Siku moja, tukiwa kitaluni, tulipanda kokwa zilizokuwa zimesahauliwa katika gunia kwa miezi miwili. Hakuna hata moja iliyoota. Hapo tukatia akilini jambo ambalo kila mtunza bustani hulijua kwa mikono yake: kokwa ya embe si kama punje ya mtama. Mtama hungoja ghalani hata mwaka. Kokwa ya embe ikikauka hufa baada ya majuma machache.

Ikiwa ni hivyo, embe lililoliwa Bagamoyo halikuweza kuota Tabora kwa kutupwa tu. Msafara ulichukua miezi mitatu, na kokwa ingekuwa imekufa njiani. Yamkini mambo yalikuwa mojawapo kati ya mawili. Ama watu waliibeba mbegu kwa uangalifu, imefunikwa udongo wenye unyevu au imekwisha kuchipua; ama mwembe ulisafiri polepole, kituo baada ya kituo. Kokwa ilitoka pwani hadi kambi ya karibu, ikaota, ikangojwa miaka sita au zaidi mpaka ikazaa. Kisha kokwa za mti huo zikachukuliwa hadi kambi iliyofuata. Kwa vyovyote vile, hakukosekana mtu aliyekusudia. Kokwa inaweza kutupwa kwa bahati, lakini mche wa mwembe hauvuki kiangazi cha miezi sita bila mtu wa kuumwagilia maji na kuulinda na mbuzi.

Hapa ndipo linapozuka swali gumu. Mwaka fulani tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, lilipo tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Stanley alikuwa amerudi pwani tangu mwezi Machi, naye mzee huyo alingoja hadi Agosti wapagazi waliotumwa kwake. Tulimkuta babu mmoja amekaa kivulini. Tulipokwisha kumwamkia na kumweleza kazi yetu, alituuliza, "Mjukuu wangu, wewe unaisifu miembe hii. Je, unajua ni nani waliopumzishwa chini yake wakiwa na minyororo shingoni?"

Hatukuwa na jibu tayari. Ni kweli kwamba njia hii ilipitisha pembe za ndovu, nguo na shanga, na ilipitisha pia watu walionyang'anywa uhuru wao. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea, na katika Tanganyika sheria ya kuukomesha haikutungwa mpaka mwaka 1922. Mtu anayesema kwamba miembe ni ukumbusho wa utumwa hasemi uongo.

Tulilifikiri swali la babu kwa miaka mingi, nasi tunaona kwamba jibu lina pande mbili. Upande wa kwanza ni huo aliousema. Upande wa pili ni kwamba sehemu kubwa ya wapagazi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi huru waliobeba mizigo kwa ujira. Walikuwa wakulima. Walisafiri wakati wa kiangazi, na wengi walikataa katakata kuwa mbali na mashamba yao mvua zinapoanza. Watu wa namna hiyo, wanaojua thamani ya mbegu na majira ya kupanda, ndio tunaoamini walikuwa miongoni mwa walioipanda na kuitunza miembe. Mwembe basi ni shahidi wa dhuluma, na papo hapo ni kazi ya wakulima wetu. Taifa linaloukata ili kusahau jambo la kwanza hulipoteza na la pili.

Tumesema kwamba tumepata kukata miembe. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja tuliyoifanyia kazi ilituamuru tuondoe miembe mitatu mikongwe iliyokuwa mbele yake. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba majani yanachafua uwanja na kwamba jengo halionekani vizuri kutoka barabarani. Tulijua kwamba majani hufagiliwa. Tulijua pia kwamba chini ya miembe hiyo fundi baiskeli alikuwa na kibanda chake, akina mama waliuza karanga na matoborwa, na wanafunzi waliotoka mbali walingoja hapo jua lipungue. Hatukusema neno. Tulichukua shoka na msumeno, na kazi ya siku nne ikafuta kazi ya miaka mia moja au karibu yake. Mahali pao tuliambiwa tupande miashoki, miti mirefu myembamba ya asili ya India, inayopendeza kwa kunyooka lakini isiyomfunika hata mtu mmoja. Fundi baiskeli alihama. Ofisi ile ikawa na joto kuliko mwanzo, na baada ya muda madirisha yake yakatiwa mapazia mazito mchana kutwa.

Hatusimulii haya ili kuilaumu ofisi hiyo. Tunalaumu ukimya wetu. Mtunza bustani aliye na elimu ya miti, akinyamaza mbele ya asiye nayo, ndiye mwenye kosa kubwa zaidi.

Baada ya tukio hilo tulianza kuitazama upya miti iliyo nje ya mji, ile ambayo watu huiita pori tu. Mkoa wa Tabora umo katikati ya misitu ya miombo. Mwezi Septemba na Oktoba, kabla tone la mvua halijaanguka, mitundu huchipua majani mapya mekundu kama shaba, na nchi nzima hubadilika rangi. Nyuki wa misitu hiyo ndio waletao asali iliyoipa Tabora sifa. Mvua zikishika, uyoga huota chini ya miombo, na akina mama huuza kando ya barabara. Tena kuna matunda: mbula, matonga na ntalali, ambayo mtoto wa kijijini huyajua kabla hajalijua tofaa.

Tulijaribu kuileta miti hiyo mjini, nayo ilitufundisha subira. Mitundu ilidumaa kitaluni mpaka tulipochanganya udongo uliochotwa chini ya mti mama, kwa sababu mizizi yake huishi kwa ushirika na uyoga wa udongo huo. Mninga nao ulituhadaa. Miche yake ilikauka kiangazi tukadhani imekufa, tukataka kuing'oa. Mvua ziliponyesha ikachipua tena kutoka chini. Mninga hufanya hivyo kwa miaka mingi. Shina hufa kila kiangazi huku mzizi ukijijenga ardhini, mpaka siku mzizi utakapokuwa na nguvu ya kulibeba shina. Mtu asiyejua hilo ataitupa miche iliyo hai.

Na mbula tuutajao una historia yake. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wafuasi wake, akina Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti wa aina hiyo hiyo, ambao huko huitwa mpundu. Kisha waliubeba mwili hadi pwani, wakipitia Unyanyembe. Kipande cha gogo la mti huo kilichochongwa maandishi kimehifadhiwa London. Mti uleule ukiota nyuma ya shule zetu hukatwa kuwa kuni bila mtu kuuliza jina lake.

Misitu hii inapungua. Moto wa kila mwaka, mkaa na mashamba mapya vyote vina sehemu yao. Tumbaku nayo, iliyowapatia wakulima wengi wa Urambo na kwingineko ada za shule na mabati, hukaushwa kwa moto wa kuni, na kuni hizo hutoka katika miombo. Hatusemi mkulima aache tumbaku kesho. Tunasema asikate bila kupanda. Jirani zetu wa Shinyanga wametuonyesha njia. Tangu mwaka 1986, kwa mpango wa kuhifadhi udongo ulioitwa HASHI, walifufua desturi ya zamani ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na kuiacha ipumzike, na nchi iliyokuwa imekwisha kuwa tupu ikaota miti tena. Wataalamu walisaidia, lakini desturi ilikuwa ya wananchi wenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa shule za njia hii, tangu Bagamoyo hadi Ujiji, wafanye jambo moja dogo. Msimu wa maembe, wanafunzi waokote kokwa chini ya mwembe mkongwe kuliko yote ulio karibu nao, nao wazipande mara moja zikiwa bado mbichi. Kando ya mwembe huo wapande mti mmoja wa kwao, mbula au mninga au mtundu, na waandike katika daftari la shule jina lake, tarehe na majina ya walioupanda. Kiangazi cha kwanza mninga utakapokauka, wasiung'oe.

Sisi wenyewe tumekwisha kuanza. Mbele ya ofisi ile ile, kwa ruhusa ya wakubwa wapya, tumepanda miembe mitatu. Leo mrefu kuliko yote unatufika kifuani. Haujaweza kumfunika fundi baiskeli, na huenda tusiwepo utakapoweza. Kila jioni ya kiangazi tunaupelekea ndoo mbili za maji.