Ugomvi wa Lugha Katika Vikaratasi vya Afya

Vikaratasi vya afya vinavyogawiwa Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, hupitia mikono miwili kabla ya kuchapishwa: wa mwandishi anayejua habari za dawa, maji au choo, na wa mhariri anayeijua lugha. Wanaoikumbuka kazi hiyo tangu miaka ya 1990 wanakumbuka pia kwamba wawili hao hawakujadiliana sana. Mhariri alifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1981, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu, shauri likaisha. Mwandishi, ambaye mara nyingi alikuwa amesomea taaluma yake kwa Kiingereza, hakuwa na la kujibu.

Alilipata pale vikaratasi vilipoanza kusomwa kwa sauti mbele ya wenyeji kabla ya kupelekwa kwa mpigachapa. Mfano ulio wazi ni maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mhariri huandika "kijiko cha chai" akaridhika. Lakini mama wa Gatwekera kule Kibera au Gatina kule Kawangware huenda ana kijiko cha aina moja tu nyumbani, nacho ni kile cha kulia wali. Chumvi ikizidi mtoto hudhurika, na kamusi haina msaada hapo. Ikabidi kijiko kichorwe kando ya maneno.

Saa za kumeza dawa nazo zilileta mvutano. Mwandishi hunakili "8:00" kutoka maelekezo ya Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili akiona 8 husoma saa nane. Kuandika "saa 2 asubuhi na saa 2 usiku" kuliondoa utata, ingawa wapo walionung'unika kwamba hakulingani na chati ya kliniki. Katika hili wahariri walikuwa sahihi kabisa.

Kwenye ngeli mambo yalikwenda kinyume na matarajio. Laini Saba ya Kibera na Kawangware 46 watu husema "vitu zangu" bila kusita, na baadhi ya waandishi walitaka karatasi ziandikwe vivyo hivyo, au kwa Sheng. Wasomewaji mara nyingi walicheka, kisha wakakataa. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani; wengi wao walikuwa wamekatwa alama kwa upatanisho huohuo, na hawakuona kwa nini kliniki isamehewe.

Korona ilipoingia Kenya Machi 2020 hapakuwa na muda wa kubishana. Wahariri walishikilia "nawa mikono", mtaa ukasema "osha mikono", mabango yakatoka na yote mawili, na sabuni ikatumika vilevile. Mizozo ya namna hiyo ndiyo inayofaa kumalizwa kwa orodha fupi ya maamuzi, yenye neno lililokubaliwa na sababu yake, ili mhariri mpya asianze upya.

Jina la mtaa wa Kibera lenyewe halijapatanishwa. Jimbo la uchaguzi lililopigiwa kura kwa mara ya kwanza mwaka 2013 ni Kibra, kama wasemavyo Wanubi. Maandishi mengine mengi bado husema Kibera. Anayeandaa karatasi na achague moja, alifuate hadi ukurasa wa mwisho.