Kitanzi cha Mkwezi

Leo nataka kuwaeleza habari ya kamba. Ni kamba fupi tu, haifiki hata pima moja, lakini imenifunza jambo ambalo sikufunzwa katika chuo cha ualimu.

Huku kwetu Madale, upande wa Kinondoni, mashamba mengi yamekwisha katwa viwanja. Nyumba zimejaa, lakini minazi michache ya wazee imebaki, mmoja uani kwa huyu, miwili nyuma ya nyumba ya yule. Wenye nyumba wengi hawajui kukwea. Basi nazi zikikauka, humwita kijana anayepita njiani, wakapatana bei, naye akapanda. Hakuna anayemwuliza, “Kamba yako ikoje?” Mimi nilikuwa mmoja wao, tena nilifanya vibaya kuliko wao.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipomaliza shule alianza kujifunza ukwezi. Siku moja alinijia ofisini, akasema, “Shikamoo, mjomba. Naomba unisaidie fedha ninunue kamba ya kitanzi cha miguu.” Ilikuwa Ijumaa, na Jumapili yake tulikuwa na sikukuu ya somo wa parokia. Akina mama walikuwa wakihitaji nazi za kupikia wali. Nikakumbuka kwamba stoo kulikuwa na kamba ya zamani ya kengele, ya katani, nene na nzuri kwa kutazama. Nikamkatia kipande. Nilifurahi moyoni kwa kuwa nimeokoa shilingi elfu chache.

Jumamosi asubuhi alipanda. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na shina lilikuwa bado na unyevu. Alipofika juu kidogo ya mlango wa nyumba, kamba ilikatika. Mikono yake peke yake haikuweza kumshika. Akaanguka, akavunjika mkono wa kushoto.

Tulipokuwa tukingoja hospitali, dada yangu hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: “Kaka, kamba ile ungepandia wewe?” Sikuwa na jibu. Mimi ndiye ninayeandika daftari la marehemu wa parokia yetu, na usiku ule niliwaza kwamba kama mtoto angekuwa amefika juu kileleni, futi 60, ningeliandika jina lake kwa mkono wangu.

Baada ya juma moja nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa mkwezi tangu ujana wake, nikachukua na kile kipande kilichokatika. Nilimwamkia, nikamweleza yote. Mzee akakishika, akazisokotoa nyuzi mpaka zikafunguka. Kumbe! Nje ilikuwa ngumu, lakini ndani ilikuwa imeoza, nyuzi zikivunjika kama majani makavu. “Mwalimu,” akaniambia, “katani ina nguvu, lakini ikilowa na kuachwa bila kukaushwa huoza. Umeitazama ngozi, hukuitazama nyama.”

Kisha akanifundisha, nami nayaandika hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, fahamu kazi ya kitanzi. Mkwezi huweka nyayo zake pande mbili za shina, na kamba hupita mbele yake, toka mguu huu hata mguu huu. Anapokanyaga, miguu hutaka kutawanyika. Kamba huizuia, nyayo zikabana shina. Halafu hushika kwa mikono, huvuta miguu yote miwili juu kwa pamoja, hubana tena, hunyosha magoti, na kusogeza mikono. Kwa hiyo kitanzi kikiwa kirefu mno, miguu hupanuka na kushindwa kubana. Kikiwa kifupi mno, nyayo hazifiki pande za shina. Mzee alisema hapana kipimo cha watu wote: pima kwa miguu yako mwenyewe, na kwa mnazi utakaoupanda.

Pili, chagua kamba. Kamba ya usumba, itokanayo na makumbi ya nazi, huparuza na kushika shina vizuri, nayo haiozi upesi. Makumbi yale huvundikwa majini kwa miezi mingi kabla ya kupondwa, kwa hiyo maji si mageni kwake. Kamba ya nailoni ina nguvu nyingi na haiozi, lakini huteleza, na ikiwa nyembamba hukata mguu. Tena jua la miaka huiharibu. Mpira wa ndani wa gurudumu hauumizi, lakini hunyumbuka, nawe hutajua siku utakaponyumbuka kupita kiasi. Yeye hupenda usumba mnene kama kidole gumba, uliozungushiwa kitambaa cha gunia mahali pa mguu.

Tatu, fundo. Lisiwe fundo la kujivuta, maana litakubana vifundo vya miguu huko juu na hutaweza kuvitoa. Liwe fundo lililokazwa likatulia, na ncha ziachwe ndefu kidogo.

Nne, kijaribu chini. Panda futi mbili tu, ukatikisike kwa uzito wako wote mara kadhaa. Fanya hivyo kila siku, siyo siku ya kwanza tu. Na shina likiwa limelowa, rudi nyumbani.

Nilimwuliza kwa nini wasikate ngazi katika shina, kama wengine wafanyavyo. Akasema kidonda cha mnazi hakifungi. Ni kweli, mnazi si kama mwembe. Hauna gome linaloota upya juu ya jeraha. Pale palipokatwa hubaki wazi, na wadudu na uozo huingia. Nasi minazi ya pwani tumekwisha ipoteza mingi kwa ugonjwa wa kunyong'onyea. Si busara kuumiza iliyobaki.

Mwisho alisema neno ambalo sijalisahau: “Kitanzi hushika miguu, hakishiki mtu.” Mikono ikiteleza, kitanzi hakitakuzuia usianguke. Kwa hiyo inafaa kamba ya pili, inayozunguka shina na kiuno. Yeye mwenyewe hakuitumia ujanani, kwa kuwa vijana waliwacheka walioitumia. “Nilipona kwa bahati,” akasema, “na bahati hairithishwi.”

Nikamsimulia kwamba huko Kerala, nchini India, wakwezi nao walipungua sana. Mwaka wa 2011 Bodi ya Maendeleo ya Minazi ilianzisha mafunzo kwa vijana, wanaume na wanawake, wapate kupanda kwa chombo cha chuma chenye sehemu mbili, kila moja na mahali pa kuweka mguu na waya wa kuzunguka shina. Mzee akasikiliza, akacheka. “Basi hata huko,” akasema, “ni kitanzi kile kile, wamekivika chuma tu.”

Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Walimcheka mtu anayechagua mno. Lakini hawakusema habari za kamba. Kwa kamba, chagua, ukaichague tena.

Mpwa wangu amekwisha pona. Nimemnunulia usumba mpya kwa fedha yangu, na mzee amemsaidia kupima kitanzi na kamba ya kiuno. Lakini mama yake hajaridhika bado, nami sithubutu kumshawishi. Vitu vile vimetundikwa ukutani nyumbani kwake, vikingoja neno lake.

Ninyi mlio na minazi uani, nawaomba jambo moja. Kijana akija kuwaangulia nazi, msianze na bei. Mwambieni awaonyeshe kwanza kamba yake. Ifungueni, mtazame ndani. Na kama hamngeipandia ninyi, au hamngempandishia mtoto wenu, basi nazi zikae juu hata siku nyingine. Zikikauka zitaanguka zenyewe. Waondoeni tu watoto chini yake.