Saruji kwa Kibali

Kilima cha Wazo, Dar es Salaam, kimetoa saruji tangu 1966, na sisi tuliokulia chini yake tulilala kwenye nyumba za miti na udongo. Binamu zetu wa Kariakoo wakija wakati wa likizo walicheka sana. Malori yaliteremka yamesheheni mifuko, yakashika barabara ya Bagamoyo na kupotea, lakini ukitaka hata mifuko michache ya kupiga sakafu, lazima uwe na kibali. Baba alikuwa karani wa shirika la umma mjini. Alikiomba mpaka akakipata, saruji ikaishia sebuleni. Vyumbani tuliendelea kukanyaga udongo.

Mawe ya chokaa yalikuwa ya kwetu, yanachimbwa pale pale. Mafuta mazito ya kuwashia tanuru na vipuri vya mitambo vilitoka ng'ambo, na ng'ambo walitaka dola. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei duniani. Yakapanda tena 1979. Katikati hapo, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Ikafuata vita ya Kagera. Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mkanda kwa miezi 18, na wazee wa kijiweni Tegeta waliendelea kuihesabu miezi hiyo hadi kwenye themanini na nne. Tuliimba shuleni kwamba tunajitegemea, na kweli tulijitahidi, ila meli ikichelewa bandarini hata kilima chenye mawe yake chenyewe kilipunguza moshi.

Ukosefu ulikuwa na utaratibu wake. Kila kaya iliandikwa kwenye daftari la balozi wa nyumba kumi, na sukari, sabuni, unga na khanga viligawiwa kwa kufuata daftari hilo.

"Shikamoo balozi. Sisi tuko tisa."

"Marahaba mama. Mwezi jana mlikuwa saba."

"Wageni, balozi. Wameletwa na njaa ya kwao."

Mmoja wa wageni hao alikuwa shangazi aliyekwisha kurudi Morogoro zamani. Aliendelea kula sukari ya Wazo kwenye daftari kwa muda mrefu. Foleni tulizipanga kwa mawe tangu usiku, kila mtu akilijua jiwe lake. Ulipokuja unga wa njano kutoka Marekani tukauita Yanga, na mashabiki wa Simba wakaula kwa manung'uniko ya ziada. Sabuni ikikosekana kabisa tulifulia majani ya mpapai.

Mshahara wa baba ulikuwa haufiki hata nusu ya mwezi. Kilichotulisha ni vitumbua vya mama, kisha kuku, kisha ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungwa chini ya mkorosho. Siku hizi wasomi wanaviita sekta isiyo rasmi. Sisi tuliviita miradi, na tulivifanya kimya kimya, hasa baada ya Machi 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi. Walanguzi wakubwa walikuwepo, sibishi. Lakini woga ulimfika hata mchoma vitumbua: mama alikuwa na nusu gunia la sukari, akalifukia kwenye pumba za kuku, na kwa majuma kadhaa kila aliyenunua kitumbua alimnong'oneza kuuliza sukari ameitoa wapi.

Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa, asiulizwe alizipataje. Mitumba, ile tuliyoiita kafa Ulaya, ikajaa. Akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa. Mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi ikashushwa kutoka 17 hadi 40 kwa dola. Kufikia 1993 dola moja ilikuwa imepita shilingi 400. Madukani kila kitu kilirudi isipokuwa thamani ya mshahara. Mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, na baba akarudi nyumbani na barua ya ridandansi na kiinua mgongo kilichotosha kununua ng'ombe wa pili. Kwa miaka kadhaa aliendelea kuamka alfajiri na kuvaa shati la ofisini, kisha anakwenda kukata majani.

Kiwanda nacho kikapata wenyewe wapya. Mwaka 1998 kampuni ya Scancem ikachukua hisa nyingi, baadaye kikawa chini ya HeidelbergCement ya Ujerumani, na 2006 hisa zake zikaanza kuuzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kuanzia 2004 gesi ya Songo Songo ilifika kilimani, ikapunguza kule kusubiri mafuta ya meli. Kwetu badiliko lilikuwa dogo na kubwa vilevile: saruji ilinunuliwa dukani, mfuko mmoja ukitaka, bila kumwamkia mtu. Tulijenga tofali kwa tofali, kwa pesa ya maziwa. Jumuiya ikafufuliwa kwa mkataba wa Arusha wa 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, na bidhaa za Kenya zikarudi kwenye rafu za Tegeta bila ya mtu kuwaza kwamba mpaka ule uliwahi kufungwa.

Misukosuko haikuisha, ilibadili njia ya kuingilia. Vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya mafuta 2022, petroli Dar es Salaam ikapita shilingi 3,000 kwa lita, hata serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mwaka 1979 tungekosa petroli. Safari hii ilikuwepo kila kituo, na nauli ndiyo ikakosekana mfukoni. Ukinilazimisha kuchagua, nachagua duka lililojaa. Lakini daftari la balozi, pamoja na shangazi yake wa Morogoro, lilimhesabu hata asiye na senti, na tangu lifungwe sijaona kilichochukua nafasi yake.

Mapema 2024 mvua za El Niño zilivuruga uzalishaji wa sukari, kilo ikapita shilingi 4,000. Mama, ambaye bado anafuga, akaniita.

"Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukatuandikishe."

"Hakuna kuandikishana siku hizi, mama."

"Sasa wanagawaje?"

"Kwa bei."

"Basi kimbia ukachukue kilo tano, kabla mwenye duka hajasikia redio."