Mungu wa Mapenzi Yuko Wapi katika Koo Zetu?

Wahenga walinena kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Iwapo kauli hiyo ni kweli, basi kila jamii imelazimika kukitafutia kikohozi hicho mahali pake. Fikira hii ilinijia nilipokuwa nikisana riwaya ya kifantasia kuhusu koo tano zinazoishi kando ya msitu unaoshabihiana sana na Msitu wa Kakamega. Nilitaka jamii hiyo iwe na mungu wa kike wa mapenzi, mwenye hekalu, makuhani na siku ya tambiko. Nilipoanza kujiuliza nitamtoa wapi, swali la riwaya liligeuka likawa swali la maisha yangu. Ndilo ninalokusudia kulijadili katika makala haya.

Miungu wa aina hii si haba duniani. Wasumeri walimwabudu Inanna katika mji wa Uruk. Wayoruba wa Nigeria wanamtukuza Oshun, na kichaka chake kitakatifu kule Osogbo kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005. Lakini mfano ulionifunza zaidi ni wa Athens. Pausanias, msafiri Mgiriki wa karne ya 2, anaeleza kwamba Theseus alipowakusanya watu wa vijiji mbalimbali wakawa mji mmoja, ndipo alipoanzisha ibada ya Aphrodite kwa jina la Pandemos, yaani wa watu wote. Zingatia hapo, mpenzi msomaji. Kazi ya mungu huyo haikuwa tu kuwatia vijana mahaba. Alikuwa kiungo cha watu ambao awali kila mmoja wao alijua kwao tu.

Hapa jirani, nchini Uganda, upo mfano unaokaribiana na huo. John Roscoe, katika kitabu chake kuhusu Waganda kilichochapishwa mwaka 1911, anasimulia habari za hekalu la chatu mtakatifu huko Bulonge, katika Buddu. Watu walikwenda hapo kuomba baraka ya uzazi. Waliomtunza chatu huyo walikuwa wa ukoo wa Mutima, lakini hakuwa chatu wa ukoo huo pekee. Ukoo mmoja ulishika ufunguo, na mlango ukawa wa wengi.

Je, kwetu Kakamega? Dini ya jadi ya Waluhya ina Mungu muumba, ambaye Wabukusu humwita Wele na wengine humwita Nyasaye. Ina pia mizimu ya wahenga wa kila ukoo, inayokumbukwa kwa matambiko na kwa majina wanayopewa watoto. Mungu wa kike wa mapenzi hayumo. Badala yake, imo sheria. Günter Wagner, aliyefanya utafiti miongoni mwa Walogoli na Wabukusu kati ya miaka ya 1934 na 1938, alieleza kwa kirefu jinsi ukoo ulivyokuwa msingi wa maisha. Kijana hakuruhusiwa kuoa katika ukoo wake wala katika ukoo wa mama yake. Alilazimika kuvuka mpaka. Matokeo yake ni kwamba kila boma lilikuwa na koo mbili au zaidi ndani yake, na ng'ombe wa mahari walipotoka huku kwenda kule waliacha njia ambayo watu waliendelea kuipita. Hivyo basi, kazi ambayo Theseus alimpa Aphrodite, mababu zetu waliipa kanuni ya ndoa.

Kanuni hiyo ina kuhani wake, naye ni senge, yaani shangazi. Likizo moja nilimtajia senge wangu msichana niliyekuwa nimesoma naye kwa miaka miwili na ambaye nilitaka kumchumbia. Hakuuliza kama ni mzuri wala kama ana bidii. Aliuliza ukoo wa baba yake, kisha wa mama yake, kisha wa nyanya yake. Jibu la tatu lilimfanya aweke chini ungo aliokuwa akipepetea mtama.

"Mwanangu," aliniambia, "huyo ni dada yako. Msalimie kama dada."

Hakupandisha sauti. Baba alipoarifiwa alinyamaza, na kimya chake kikawa muhuri. Msichana naye alipouliza kwao aliambiwa yayo hayo. Leo tunasalimiana kama tulivyoagizwa.

Siandiki haya ili kuitukana mila. Waama, ninaiona hekima yake: imezuia damu za karibu kuchanganyika na imewafanya mahasimu kuwa wakwe. Hata hivyo, kuna jambo ambalo sheria haikulifanya. Ilitueleza nani haoleki, lakini haikutueleza tuyapeleke wapi mapenzi yaliyokwisha kuota. Ukoo ulikuwa na mizimu ya kuombwa mvua, afya na watoto. Aliyekataliwa hakuwa na wa kumwomba, kwa maana mizimu ile ile ndiyo iliyomkataza.

Hapo ndipo nilipouelewa wajibu wa sanaa. Pwani, ambako Uislamu haukuacha nafasi ya mungu wa kike, Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi ya mapenzi kando ya yale ya siasa na vita. Kwetu, Waisukha na Waidakho wana isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazopigwa kwenye harusi na kwenye matanga pia. UNESCO iliiorodhesha ngoma hiyo mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Nionavyo mimi, ngoma inayojua harusi na matanga inaweza kumchezesha hata yule aliyefiwa na jambo ambalo halina kaburi.

Wenzangu tunaojifunza kubuni, nawasihi tusimweke mungu wa mapenzi katika hadithi zetu kama pambo. Tumuulize anafanya kazi gani ambayo ukoo umeshindwa kuifanya. Katika riwaya yangu, hekalu lake sasa limejengwa mpakani, mahali ambapo koo zote tano zinakutana na hakuna hata mmoja unaopamiliki. Kuhani wake ni shangazi mzee. Wale walioruhusiwa kuoana hawafiki hapo, kwa sababu wana wazee na ng'ombe wa kuwasemea. Wanaofika ni waliokatazwa. Shangazi hawaruhusu, kwa kuwa hana uwezo huo. Huwakaribisha waketi, huwauliza majina yao bila kuwauliza koo zao, na huwasikiliza mpaka wamalize.