Mmoja Ajibu, Mwingine Apige

Kuna kosa ambalo watazamaji husamehe upesi, na kuna lingine wasilolisamehe kabisa. Mchezaji akipaisha penalti, watu hushika vichwa, hucheka, husema mpira una mambo yake. Lakini mtu akishindwa kujibu swali, hasa swali ambalo wewe uliyekaa pembeni unadhani unalijua, basi huyo ni mjinga, na sifa hiyo humfuata hadi nyumbani. Jambo hili limenikaa kichwani tangu likizo iliyopita, nilipowaona vijana wetu hapa Kamembe, Rwanda, wakishindana kwa maswali na mpira.

Mchezo huo hatukuubuni sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, televisheni za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na kipindi cha Guinness Football Challenge. Washindani walikuja wawili wawili: mmoja alileta kichwa, akajibu maswali ya soka, mwenzake alileta miguu, akaonyesha ufundi wake wa mpira. Pesa ziliwahitaji wote wawili. Wakati huo nilikuwa naishi Kampala, na kwenye kibanda cha chipsi nilichokuwa nakula jioni, hata wapishi waliacha mafuta yaungue ili wasikose swali. Kwamba kampuni ya bia ndiyo iliyogharamia mchezo unaotaka mguu usioyumba, hilo tuwaachie wenyewe.

Hapa kwetu hapakuwa na taa wala kamera. Palikuwa na uwanja wa shule wenye matope, kipaza sauti kinachokoroma, na tairi kuukuu la gari lililotundikwa golini kwa kamba ya manila. Ukijibu swali sawasawa, mwenzako anapewa mipira mitatu aipitishe ndani ya tairi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mfuko wa mchele wa Bugarama, na kwa jinsi watu walivyojaa ungedhani ni gari.

Macho yangu yaliwaangukia wawili: binti anayeuza vitenge sokoni, na kijana mmoja wa baiskeli, wale tunaowaita wanyonzi. Binti aliulizwa: katika Kombe la Afrika la 2004 kule Tunisia, Amavubi, timu yetu ya taifa, walimfunga nani? Hakusubiri swali liishe. "Kongo, moja bila!" Uwanja ulilipuka, ila si wote. Mpaka uko hapo chini tu, na kundi la vijana kutoka Bukavu, upande wa Kongo, lilikuwa limekuja kutazama. Mmoja wao akapaza sauti, "Na 2016 je? Mulifungwa kwenu Kigali!" Ni kweli, robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, mbili kwa moja, na Kongo wakaenda kulichukua kombe lenyewe. Muulizaji akamwomba awe na adabu, maana hakuwa ameandikishwa kushindana.

Kijana wa baiskeli akavua kandambili zake, akaziweka pamoja kando, akapiga pekupeku. Mpira wa kwanza uligonga ukingo wa tairi, nalo likaanza kupembea. Mtu mwenye subira angengoja litulie. Yeye alipiga wa pili tairi likiwa bado linakwenda huku na huku, mpira ukapita pembeni. Wa tatu ukaingia. Watu wakamshangilia kwa huo mmoja, na ile miwili aliyokosa hakuna aliyeitaja. Binti alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani, asiseme neno. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kusimama tu huku riziki yako iko mguuni mwa mtu mwingine.

Kisha likaja swali la pili: sambaza wa Ziwa Kivu waliletwa kutoka ziwa gani? Binti akafikiri, akasema Victoria. Sivyo. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo Kivu haikuwa na samaki huyo tunayemkaanga leo kila jioni. Kelele zilizofuata sitazisahau. "Unakula sambaza kila siku, hujui walikotoka?" Wengi waliopiga kelele nao walilisikia jibu kwa mara ya kwanza pale pale, lilipotoka kwenye kipaza sauti. Lililonichoma zaidi ni kwamba yule kijana naye, aliyekosa mipira miwili kati ya mitatu, aligeuka akafungua mikono mbele ya umati, kana kwamba anasema: mnaona nilivyopewa mtu? Walimaliza wa pili, wakapewa madaftari, na kila mmoja akashika njia yake.

Simlaumu sana. Mchezo wenyewe ndio uliomfundisha hivyo. Ukimpa mtu kazi ya mguu tu, kazi ya kichwa ataiona nyepesi: si ni kukumbuka tu? Na mwenye kichwa naye humwona mwenye mguu hivyo hivyo: si ni kupiga tu, tairi si lile pale? Kila mmoja anajua uzito wa mzigo wake. Wa mwenzake anauona kwa mbali.

Hapa ndipo ninapokumbuka kipindi kingine, cha Waingereza. Kiliitwa Bullseye, kikaonyeshwa na ITV tangu 1981 hadi 1995, kikiongozwa na Jim Bowen. Ulikuwa mchezo wa vishale vinavyorushwa kwenye ubao wa duara, ule wa baa za Uingereza. Wawili wawili vilevile: mmoja arushe, mwingine ajibu. Lakini mwisho wake ulikuwa na ujanja ninaoupenda. Waliobaki wakikubali kuweka rehani zawadi walizokwisha kushinda ili wapate ile kubwa, walipaswa kufikisha pointi 101 kwa vishale sita. Vitatu vya kwanza hakurusha yule fundi. Alirusha mjibu maswali, mtu asiye fundi wa vishale, mbele ya nchi nzima, mkono ukitetemeka. Fundi alisimama nyuma akingoja kuona ameachiwa deni la pointi ngapi. Kwa dakika hizo chache walikuwa wamebadilishana nafasi ya kuonewa huruma.

Waliposhindwa, walionyeshwa zawadi waliyoikosa. Pazia linafunguliwa: pengine ni boti ya mwendo kasi, na wao wanakaa mji usio na bahari wala ziwa. Waingereza wanacheka hadi leo wakikumbuka. Mimi nawaza safari yao ya kurudi nyumbani, wawili kwenye kiti kimoja cha basi. Yule aliyerusha hovyo amekwisha kuonja urushaji, na fundi ameona kwa macho yake kwamba mwenzake alijitahidi. Sidhani lawama zilikwisha, lakini angalau walilaumiana wakijua wanachokisema.

Nawajua mama wawili wa hapa Kamembe waliovunja ushirika wao kwa kukosa hilo. Mmoja alinunua nyanya mashambani na kushika daftari la madeni. Mwingine alijitwika kapu, akavuka daraja la Rusizi ya Kwanza, akauza Bukavu. Nyanya zikioza, wa kapu alisema, "Umenunua mbovu." Wa daftari alijibu, "Umechelewa mpakani ukipiga soga." Hakuna aliyewahi kufanya kazi ya mwenzake hata asubuhi moja. Wa daftari hakujua foleni ya mpakani ilivyo jua linapokuwa kali, wala jinsi ya kukokotoa faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola kwa wakati mmoja mteja akikukazia macho. Wa kapu naye hakujua mkulima anavyopanga nyanya nzuri juu na mbaya chini. Leo kila mmoja anafanya biashara yake peke yake, na zote mbili zimepungua. Wakikutana kanisani, husalimiana vizuri tu.

Naambiwa mashindano ya vijana yatarudi likizo ijayo, tairi lile lile, pengine na mfuko wa mchele mkubwa zaidi. Ningewaomba waandaaji jambo moja: raundi ya mwisho iwe ya kubadilishana. Muuza vitenge apige mpira, mnyonzi aulizwe habari za sambaza, na alama za raundi hiyo zihesabiwe mara mbili. Itachukua dakika kumi tu, na haitagharimu kitu. Wakikubali, nitakuja mapema nikae mbele, na madaftari ya mshindi wa pili nitayanunua mimi.