Presha Hapana

Wasee, niliwahi kupeleka WRX ya brathe wangu, ile ya 2004, kuoshwa. Injini bado ni moto, jamaa akafungua boneti akaipiga maji ya presha. Niliirudisha ikitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kwa Subaru plagi ziko ubavuni, chini, na mashimo yake yalikuwa yamejaa maji. Brathe hakunisemesha wiki nzima.

Siku hizi naiosha mwenyewe. Nangoja ipoe kabisa, nachomoa waya mweusi wa betri, nafunika alteneta na karatasi ya mkate (mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku 2017). Brashi, sabuni kidogo, kitambaa chenye unyevu, basi. Karatasi natoa kabla ya kuwasha.

Jana brathe aliniachia funguo mezani. Hakusema kitu.